Kufunga kigari cha ubavuni kwenye pikipiki ndogo: maswali ninayoulizwa kila siku hapa Malindi

Tangu nianze kupita Maweni na Boxer yenye kigari ubavuni, sijapata kuegesha mahali dakika tano bila kuulizwa. Wapo wanaouliza kwa mzaha (“hiyo ni tuktuk iliyokatwa nusu?”), na wapo wanaokuja na tepu ya kupimia mfukoni. Maswali ni yaleyale, nami nimechoka kuyajibu nikiwa nimesimama juani, kwa hiyo nimeyaandika. Yanahusu pikipiki za cc 100 hadi 150, hizi za bodaboda tunazozijua. Nimejenga vigari viwili. Cha kwanza nilikiua mwenyewe kwa haraka yangu, na mengi yaliyomo humu nimejifunza kwa hicho.

Kigari cha ubavuni ni kitu gani hasa?

Ni fremu yenye gurudumu moja na sanduku au kiti, inayofungwa ubavuni mwa pikipiki. Ukisikia watu wakisema “saidika”, ni hicho hicho, na utani wa jina hauishi.

Mvuvi wa ngalawa hahitaji maelezo marefu. Anajua matengo, zile mbao zinazoelea ubavuni mwa chombo, yanafanya kazi gani. Tofauti ni kwamba ngalawa ina matengo pande zote mbili, na pikipiki inapewa upande mmoja tu. Karibu kila taabu utakayoisoma hapa chini inatoka kwenye huo upande mmoja: kuvutwa, kuinuka, tairi kuliwa upande, spoki kulegea. Ukishakifunga, ile si pikipiki tena, na wala si tuktuk.

Si afadhali ninunue tuktuk?

Kama nia yako ni abiria, ndiyo, nunua tuktuk na usisome zaidi. Ina paa, ina giya ya kurudi nyuma, ina breki kwenye magurudumu yote, na kila fundi mjini anaijua.

Kigari kinamfaa mtu ambaye tayari ana pikipiki na ana mzigo mmoja unaojirudia: fundi bomba na vifaa vyake, muuza samaki na kasha lake la barafu, mpeleka mitungi ya maji, au mtu mwenye mama ambaye magoti hayamruhusu tena kupanda nyuma ya piki. Ufilipino wamejenga usafiri mzima wa mitaani juu ya jambo hili, kwa pikipiki za cc 125 hadi 155 zisizo na tofauti kubwa na zetu, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba injini ndogo haiwezi. Ila wale hawakimbii.

Injini ya cc 100 itavuta kweli?

Itavuta, lakini itanung'unika. Cc 100 inatoa nguvu za farasi kama 8 hivi, Boxer ya 150 kama 12. Bahati yetu Malindi ni tambarare. Kinachokusumbua hapa ni upepo kuliko mlima. Wakati wa kusi, ukielekea Gede na kigari chenye ubao bapa mbele, utashuka giya ya tatu mahali ambapo zamani ulikuwa unapita huku unapiga mluzi. Ukate huo ubao uwe na mkunjo, au uweke wavu badala yake.

Uzito ndio hesabu ya kwanza. Kigari kitupu kisipite theluthi ya uzito wa pikipiki. Piki ya kilo 120 ichukue kigari cha kilo 40. Mafundi wetu wana mazoea ya kujenga geti la nyumba, na ukiwaachia watakutengenezea geti lenye gurudumu. Simama hapo na mizani.

Cha pili ni spuroketi, lile gurudumu la meno linalovuta mnyororo. Punguza jino moja mbele. Kama ilikuwa na meno 14 ukaweka 13, injini itazunguka zaidi kwa karibu asilimia 8 kwa mwendo uleule, nguvu ya kuondoka itaongezeka, na klachi itakushukuru. Mwendo wa juu utapungua, na hilo ni jambo jema. Mimi sipiti 50 kwa saa nikiwa na mzigo.

Kifungwe kushoto au kulia?

Kushoto. Kenya tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo kigari kinakaa upande wa ukingo wa barabara na abiria anashuka kwenye usalama. Picha nyingi za mtandaoni zinakionyesha kulia kwa sababu zimepigwa nchi ambazo watu huendesha kulia. Usiige picha.

Naweza kuchomelea moja kwa moja kwenye fremu ya pikipiki?

Hapana. Hapa ndipo kigari changu cha kwanza kilipofia. Fundi alichomelea vizuri, mshono ulikuwa mzuri wa kupigia picha, na baada ya wiki tano fremu ilipasuka kando ya mshono. Mshono wenyewe haukuguswa. Bomba la pikipiki ni jembamba, moto unaliondolea ukakamavu pale pembeni, halafu kila tuta linalikunja mahali palepale.

Tengeneza klampu: vipande viwili vya chuma vinavyolikumbata bomba la fremu na kubanwa kwa bolti. Zinatakiwa sehemu nne za kushikia, mbili chini na mbili juu. Ya chini mbele iwe karibu na mwisho wa lile bomba linaloshuka mbele ya injini, ya chini nyuma iwe jirani na mhimili wa uma wa nyuma. Za juu, moja iwe chini ya tanki karibu na shingo ya usukani, nyingine chini ya kiti karibu na shoki inapofungwa. Tatu hazitoshi. Nimeona mtu wa Gongoni akiwa na tatu, na kigari kilikuwa kinapiga makasia. Usishike kwenye uma wa nyuma wenyewe, maana ule unacheza juu na chini, wala usitegemee bolti za injini peke yake.

Kwa pikipiki ndogo ni vizuri kuongeza fremu ya chini: mabomba mawili yanayopita chini ya injini na kuunganisha klampu za chini, ili mzigo usilemee bomba moja.

Bolti ziwe zenye alama ya 8.8 kichwani, unene wa milimita 12 kwa zile kuu, na nati zenye nailoni ndani. Bolti za kitanda zinafanana nazo kwa macho tu. Mabomba ya kigari yawe ya inchi 1 na nusu, unene wa milimita 3. Bomba la maji lililopakwa zinki usilichomelee bila kuondoa zinki kwanza, kwani moshi wake humpa fundi homa usiku. Na kabla ya kuchomelea chochote kilicho karibu na piki, ondoa nyaya za betri, usije ukaunguza vifaa vya umeme.

Vipimo ni vipi? Fundi wangu anasema atakadiria kwa macho.

Mwambie aweke macho pembeni alete uzi, pima maji na timazi, vitu ambavyo mwashi yeyote anavyo. Kuna vipimo vitatu, na vyote vipimwe dereva akiwa amekaa na mzigo wa kawaida ukiwa kigarini, upepo wa tairi ukiwa sawa.

Cha kwanza ni gurudumu la kigari kutangulia. Ekseli yake isilingane na ekseli ya nyuma ya pikipiki, iwe mbele yake kwa asilimia 10 hadi 20 ya umbali wa kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Pikipiki zetu zina kama mita 1.3, kwa hiyo ni sentimita 13 hadi 26. Ukilirudisha nyuma sana, siku utakapofunga breki kali ukikata kulia, chombo kizima kitataka kupiga magoti juu ya pua ya kigari. Ukilipeleka mbele sana, usukani utakuwa mzito na tairi itasagika.

Cha pili ni gurudumu la kigari kutazama ndani kidogo, kuelekea pikipiki. Laza bomba lililonyooka sawasawa kando ya matairi mawili ya piki, na jingine kando ya tairi ya kigari. Pima nafasi kati ya mabomba mbele ya gurudumu la mbele, kisha nyuma ya gurudumu la nyuma. Ya mbele iwe ndogo kwa milimita 10 hadi 20. Hapa watu wengi hukosea kwa sababu tairi ya nyuma ni pana kuliko ya mbele. Kama ya mbele ni 2.75 na ya nyuma 3.00, bomba likigusa ya nyuma litaacha milimita 3 kwenye ya mbele. Hiyo nafasi ni halali, iache iwe sawa kwenye kingo zote mbili za tairi ya mbele, usiusukume usukani ili bomba liguse.

Cha tatu ni pikipiki kuegemea nje, yaani kulia, mbali na kigari, kwa digrii 1 au 2. Timazi inayoning'inia kwa urefu wa mita moja itaonyesha kama sentimita 1.7 kwa kila digrii. Sababu ni kwamba barabara imeinuka katikati na inamiminika ukingoni, na kigari nacho kinakokota upande huohuo wa kushoto.

Halafu nenda mahali tambarare asubuhi kabla ya magari, fika 40 kwa saa, legeza mikono bila kuachia. Ikivuta kushoto, iegemeze nje zaidi. Ikivuta kulia, punguza. Badilisha kitu kimoja kwa mara moja. Hii kazi ilinichukua siku mbili, na ndizo siku mbili zilizonilipa kuliko zote.

Gurudumu la kigari nilitoe wapi?

Njia mbili. Gurudumu la mbele la tuktuk lenye tairi ya 4.00-8 limetengenezwa kushikwa upande mmoja, breki ya ngoma imo ndani, na spea zake zinauzwa kila mahali hapa. Ubaya wake ni udogo, linaingia kila shimo. Njia ya pili ni gurudumu la inchi 17 la pikipiki. Hilo linavuka mashimo vizuri, lakini ekseli yake inahitaji kushikwa pande zote mbili. Ukilishika upande mmoja ekseli itapinda. Kwa mjini ningechukua la tuktuk. Kwa mtu wa Marafa au Ngomeni, la 17.

Vyovyote vile lipe shoki. Kigari kisicho na shoki kinahamishia kila tuta kwenye klampu zako.

Ni lazima kigari kiwe na breki?

Kama kinabeba zaidi ya kilo 50, nasema ni lazima. Breki za ngoma za pikipiki hizi zilipimwa kwa watu wawili. Isitoshe, kigari kisicho na breki kinaendelea na safari wewe ukiwa umesimama, kwa hiyo kila ukifunga breki chombo kinageukia kulia. Kulia ndiko magari yanakotokea. Kebo moja kutoka kwenye pedali ya breki ya nyuma inatosha, ikirekebishwa ili breki ya kigari ishike baada ya ile ya nyuma, si kabla.

Inaendeshwaje? Mimi nina miaka kumi kwenye boda.

Miaka kumi itakuponza. Anayeanza leo hujifunza kigari haraka kuliko wewe, maana hana cha kusahau. Kwenye pikipiki unalaza chombo, na usukani unafuata. Kwenye kigari hakuna kulaza. Unageuza usukani kama wa mkokoteni, kwa nguvu ya mabega, na kila unachofanya kina upande wake. Ukifungua mafuta, unavutwa kushoto kwa sababu kigari kinabaki nyuma. Ukiachia mafuta, unasukumwa kulia. Baada ya wiki mikono inajirekebisha yenyewe bila wewe kufikiri.

Hatari iko kwenye kona ya kushoto. Uzito unakimbilia kulia, na kigari kikiwa kitupu kinapaa. Mara yangu ya kwanza nilikuwa nakata kushoto kutoka barabara ya Lamu, mwendo hauzidi 25, kigari hakina kitu. Gurudumu likaondoka chini. Nikafanya anachofanya kila mtu: nikanyoosha usukani ili kishuke. Kilishuka kweli, lakini kunyoosha kulinipeleka upande wa pili wa barabara, na tuktuk ilikuwa inakuja. Yule kijana alifunga breki, akanitukana, na sikuwa na la kujibu.

Kwa hiyo farumi, yaani uzito wa kukituliza chombo. Chombo hakitoki bandarini kitupu bila farumi, na kigari vilevile: gunia la mchanga la kilo 30 au 40, lifungwe kwa kamba sakafuni, karibu na gurudumu la kigari. Uliache humo mwezi mzima wa kwanza, hata ukiona linakula mafuta. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Egemeza mwili wako kushoto, kama mabaharia wanavyokaa upande wa goshi dau linapolala. Na kigari kikiinuka, achia mafuta taratibu na nyoosha usukani kidogo tu, ukijua tayari nafasi yako ya kulia ni ngapi.

Kona ya kulia ni tulivu, mpaka uchanganye na breki kali.

Nenda uwanjani, asubuhi, kofia ngumu kichwani. Zunguka kushoto pole pole mpaka kigari kianze kuinuka, kirudishe, rudia. Afadhali kikushtue hapo ambapo kuna mbuzi tu.

Usukani unatikisika kwenye mwendo mdogo. Nimekosea nini?

Huenda hujakosea. Uma wa mbele wa pikipiki ulipangwa kwa magurudumu mawili, na kutikisika kwenye 20 au 30 kwa saa ni ugonjwa wa kawaida wa vigari. Anza na bearingi za shingo ya usukani, zikaze bila kuzibana. Angalia upepo wa tairi ya mbele, kisha rudia vipimo. Kikibaki, funga kizuia mtikisiko, kishoki kidogo kati ya uma na fremu. Usukani mpana nao husaidia mabega.

Kwenye mchanga na matuta je?

Mchanga ndio udhaifu wake. Njia za magari vijijini zina mifereji miwili, na kigari chako ni chembamba kuliko gari. Piki ikikaa kwenye mfereji, gurudumu la kigari linapanda kigongo cha katikati au nyasi za pembeni, na chombo kizima kinalala. Punguza upepo wa tairi kidogo, nenda mwendo usiobadilika, na usisimame katikati. Ukikwama, abiria ashuke asukume. Hakuna giya ya kurudi nyuma.

Matuta yavuke umenyooka na polepole. Ule mwanya wa pembeni ya tuta ambao boda zote hupitia, usahau.

Chumvi ya bahari inakila?

Inakila kuliko unavyodhani, na inaanzia ndani ya mabomba. Ziba ncha zote, na toboa tundu dogo mahali pa chini kabisa ili maji yatoke. Chini ya klampu ndipo kutu inapojificha, kwa hiyo paka grisi kabla ya kufunga, na zifungue kila baada ya miezi mitatu uangalie. Osha kwa maji yasiyo na chumvi. Visima vingi vya hapa vina chumvi, na kuosha kwa maji hayo ni kuiongezea.

Kaza bolti zote baada ya kilomita 50 za kwanza, halafu kila Ijumaa. Spoki zigonge kwa spana: iliyokaza inalia, iliyolegea inanyamaza. Piki yenye kigari hailali kwenye kona, kwa hiyo nguvu zote za ubavuni zinaishia kwenye hizo spoki. Tairi ya nyuma italiwa katikati ibaki bapa kama chapati.

Sheria inasemaje?

Nenda NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla hujanunua chuma, si baada. Chukua mchoro na logibuku, uwaulize ukaguzi na mabadiliko ya maelezo ya chombo vitafanyikaje, na majibu yao uyapate kwa maandishi. Bima ya mtu wa tatu ni lazima chini ya Sura ya 405 ya sheria za Kenya, na kampuni yako ya bima iarifiwe pia kwa barua. Ukificha badiliko, siku ya ajali ndiyo siku watakayoligundua. Pikipiki imeruhusiwa abiria mmoja, kwa hiyo usijipe ruhusa mwenyewe ya kuweka mmoja nyuma na mwingine kigarini. Kofia ngumu na koti la kung'aa ni kwa wote wawili.

Taa: funga nyeupe mbele na nyekundu nyuma kwenye ukingo wa nje wa kigari. Usiku mwenye baiskeli anaona taa moja, anadhani ni piki, anakupa nafasi ya piki.

Nataka kumbebea mama yangu. Ni salama?

Mama akae chini, kiti kiwe kina mkanda na cha kumzuia kichwa, na miguu isipite mbele ya bomba la mbele la fremu. Weka kipini imara cha kushika upande wa kulia wa kiti, maana kona ya kushoto itamsukuma huko. Moshi wa ekzosi nyingi hutoka kulia, lakini kagua yako. Na kwanza likimbize humo gunia la mchanga lenye uzito wake kwa majuma mawili kabla ya kumwambia apande. Wangu alikubali siku ya kwanza kwa sababu alidhani ni tuktuk.

Nikitaka kukitoa, piki inarudi ilivyokuwa?

Kama ulitumia klampu, ndiyo, kwa spana mbili na nusu saa. Kabla ya kulegeza chochote, paka mstari wa rangi unaovuka klampu na bomba, ili siku ya kurudisha usianze kupima upya. Bolti ziweke kwenye kopo lenye grisi. Rudisha spuroketi ya zamani ukitaka mwendo wako. Tairi ya nyuma ikiwa imeshakuwa bapa, ibadilishe siku hiyo hiyo, na kona ya kwanza ichukue pole pole, kwa sababu mikono itataka kugeuza usukani kama mkokoteni na piki haitakubali.